KUPANDA MLIMA BILA KUUA INJINI
Hewa, moto na pikipiki ya kikundi

(Hotuba hii ilitolewa na fundi wa pikipiki mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunaichapisha karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limeleta maneno katika vikundi vingi. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250 cc, pikipiki zimeingia hata vijiji ambavyo havijawahi kuona matatu. Kikundi kinaweka akiba, kinachukua mkopo, kinanunua pikipiki mbili au tatu, na vijana wanaleta pesa kila jioni. Baada ya miezi michache kijana anasimama mkutanoni na kusema: "Pikipiki hii ni nzito mlimani. Kuna fundi pale sokoni anaweza kuifungua. Atatoa ea klina, atatoboa sailensa, atasogeza taiming, nayo itapanda kama ndege."

Hapo mkutano unagawanyika. Wengine wanasema fundi alipwe, kazi iendelee. Wengine wanasema mali ya kikundi isiguswe. Mimi sikuja kusema nani ni mbaya. Kijana anasema kweli: pikipiki ni nzito mlimani. Na mweka hazina anasema kweli: injini ikifa, mkopo haufi nayo. Nimekuja tuelewe injini inataka nini, ili kikundi kikikata shauri, kikate kwa kujua.

INJINI NI KAMA JIKO

Mama wanaopika hapa wanajua jiko la makaa. Ukiziba mlango wa hewa, linatoa moshi na ugali hauivi. Ukiliweka penye upepo mkali, makaa yanawaka kwa ukali na kwisha upesi, na hata bati la jiko linaungua. Injini ni hivyo hivyo. Inataka vitu vitatu: hewa na petroli kwa kipimo chake, kubanwa vizuri ndani ya silinda, na moto wa plagi kwa saa yake. Kimoja kikikosekana, vile viwili haviwezi kukiokoa.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka karibu kilo 11 za hewa. Mtauliza, kilo 11 za hewa ni nyingi kadiri gani? Lile tangi la lita 10,000 ambalo vikundi vingi mmenunua kuvunia maji ya mvua, hebu lifikirieni likiwa tupu, limejaa hewa tu. Huku kwetu milimani pikipiki inalivuta tangi hilo lote, na zaidi kidogo, kwa kila lita moja ya petroli. Kijana anayetumia lita nne kwa siku amevuta matangi manne na zaidi, na yote yamepita katika ea klina moja inayotosha mkononi. Kumbukeni tangi hilo, nitalirudia.

KWA NINI NI NZITO MLIMANI

Sababu ya kwanza ni mlima wenyewe, hiyo kila mtu anaiona. Sababu ya pili haionekani. Kadiri unavyopanda kutoka pwani, hewa inakuwa nyepesi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Eldoret ni kama mita 2,100, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Ukifika kimo cha Eldoret, hewa inayoingia katika silinda imepungua kama sehemu moja kwa tano. Pikipiki ya 150 cc inavuta hewa kama vile ingekuwa ya 120 kule pwani. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni nchi ilivyo, na hakuna kutoboa wala kukata kutakakorudisha hewa hiyo.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kinaweza kurekebishwa. Kabureta haina macho. Haijui kwamba hewa imepungua, na inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile. Kwa hiyo huku juu injini nyingi zinakunywa mafuta kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi yenye masizi, nguvu kidogo, na pesa nyingi kwenye pampu. Wakati mwingine uzito anaoulalamikia kijana ni huu. Na dawa yake haina haja ya msumeno.

HABARI YA KUTOA EA KLINA

Fundi wa sokoni anasema: injini inataka kupumua, toa kizuizi. Maneno haya yana utamu, na yana sehemu ya ukweli. Ea klina iliyojaa vumbi kweli inaiziba injini. Lakini dawa ya ea klina chafu ni ea klina safi. Kuitupa si dawa.

Turudi kwa lile tangi. Katika barabara zetu za murram, wakati wa kiangazi, mbele yako kuna lori na nyuma yako kuna matatu. Matangi manne ya hewa kila siku yakipita bila kuchujwa, ni vumbi kiasi gani linaingia ndani? Vumbi hilo lina chembe za mchanga, nazo ni ngumu. Zikikutana na oili kwenye ukuta wa silinda zinakuwa msasa. Kila pistoni inapopanda na kushuka, msasa unasugua ringi na silinda. Mwanzoni hutasikia chochote. Halafu unaona moshi wa bluu. Halafu oili inapungua kila wiki. Halafu kiki inakuwa laini, kwa sababu injini haibani tena. Injini ambayo ingefanya kazi miaka inafunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Na hapo ndipo kikundi kinanunua pistoni, ringi, gasketi, na kulipa fundi wa kuchonga silinda.

Jambo la pili: kiwandani walichagua jeti ya kabureta wakijua ea klina ipo na sailensa imefungwa. Ukitoa vyote viwili, hewa inazidi petroli, zaidi pale unapovuta mafuta yote mlimani. Mchanganyiko wenye hewa nyingi unachoma kwa joto kali. Ni lile jiko penye upepo. Plagi inakuwa nyeupe, pistoni inashika, na wakati mwingine inayeyuka.

Jambo la tatu: mdomo wa hewa umewekwa juu chini ya kiti kwa sababu maalum. Ukiuacha kabureta wazi huku chini, siku ya mvua ukivuka kijito injini itavuta maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wa pistoni unapinda.

"Lakini fundi, mbona ikitolewa inaenda?" Inapiga kelele, ndugu yangu. Sikio linasikia ngurumo, na kichwa kinasema ni nguvu. Tena kama ea klina ilikuwa imeziba, au kabureta ilikuwa inamwaga mafuta kwa sababu ya kimo, kuitoa kutaleta nafuu kweli kwa muda. Lakini nafuu hiyo ungeipata kwa kusafisha na kwa jeti, bila kuingiza mchanga.

HABARI YA KUSOGEZA TAIMING

Taiming ni saa ya kutoa moto. Mmeona mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja anainua, mwingine anashusha, na kazi inaenda kwa wimbo. Mmoja akishusha mchi mapema, michi inagongana. Akichelewa, anatwanga kinu kitupu. Ndani ya injini, pistoni na moto ni wale mama wawili.

Moto hautolewi pistoni ikiwa imefika kileleni. Hutolewa kabla kidogo, kwa sababu petroli haiungui yote mara moja. Moto unatembea kutoka kwenye plagi mpaka kwenye ukuta wa silinda, na safari hiyo ina muda wake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde moja. Ukisubiri kilele ndipo uwashe, pistoni itakuwa imeshuka kabla ya kusukumwa. Kwa hiyo katika pikipiki nyingi ndogo, injini ikinguruma polepole, moto hutolewa kama digrii 10 hadi 15 kabla ya kilele, na ikienda kasi hufika karibu 30.

Sasa fundi anasema: tuongeze digrii. Ukiongeza kupita kiasi, moto unaisukuma pistoni chini wakati bado inapanda. Utasikia mlio kama misumari ndani ya mkebe, hasa mlimani ukiwa na mzigo. Mlio huo ni injini inajipiga yenyewe. Joto linapanda, ringi zinavunjika, pistoni inatoboka. Na unapopiga kiki, kiki inarudi kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mguu.

Kweli, huku juu penye hewa nyepesi injini inavumilia moto wa mapema kidogo. Lakini ni digrii moja au mbili tu, na faida yake ni ndogo kuliko faida ya minyororo safi. Kumbukeni pia kwamba petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga upesi zaidi. Mchezo huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Ukiwa umesogeza taiming, chupa moja ya petroli mbaya kando ya barabara yatosha kukumaliza.

Pikipiki za zamani, zile za pointi, zilikuwa na taiming ya kurekebishwa, na bado ziko chache vijijini. Kwa hizo, kurekebisha ni lazima. Kile kisigino cha pointi kinalika, nafasi inapungua, moto unachelewa, na pikipiki inakuwa nzito. Fungua kifuniko cha magneti, zungusha mpaka alama ya F ilingane na alama ya kwenye injini. Hapo ndipo pointi zianze kufunguka. Nafasi yao ikiwa wazi kabisa ni kama milimita 0.3 hadi 0.4. Hapo unairudisha kwenye saa yake, wala hujaongeza kitu.

Pikipiki nyingi za sasa zina boksi la CDI, na boksi hilo lenyewe ndilo linalosogeza moto kulingana na mwendo. Halina skrubu ya kurekebisha. Kwa hiyo mtu akikuambia amesogeza taiming ya pikipiki hiyo, muulize amefanyaje. Ama amepasua matundu ya bamba, ama amekata kile kifunguo kidogo kinachoshika magneti. Kifunguo kilichokatwa kikiachia, magneti inazunguka peke yake na kuharibu kichwa cha krenki. Hiyo si spea ya bei rahisi. Na zile mpya zisizo na kabureta, ambazo petroli inapulizwa kwa umeme, zinajipimia zenyewe. Hizo usiguse.

YANAYOSAIDIA KWELI

Basi tumwambie nini kijana wetu? Tusimwambie "nyamaza." Tumwambie twende kwa utaratibu, toka la rahisi hadi la gharama.

1. Pima kwanza. Chagua mlima mmoja, mtu mmoja, mzigo mmoja. Andika inachukua sekunde ngapi toka daraja mpaka shule. Jaza tangi, tembea kilomita 100, jaza tena, andika lita. Kila ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, kisha pima tena. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na pikipiki ni mali.

2. Angalia vinavyoivuta nyuma. Breki zinazoshika, minyororo mikavu, magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha, klachi inayoteleza. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, umempata mwizi wa nguvu.

3. Safisha ea klina. Ile ya sponji, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili kidogo, ikamue. Usitumie petroli, inaweza kuwaka. Ile ya karatasi hupigwapigwa na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka hununuliwa mpya. Wakati wa kiangazi fanya kila wiki. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na mpasuko, hewa inaingia bila kipimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Soma plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi au joto kali. Nafasi yake iwe ya kitabu, kwa nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.8.

5. Pima tapeti injini ikiwa baridi. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10. Zikibana sana valvu hazifungi, nguvu inavuja.

6. Ikiwa plagi bado ni nyeusi, na mnaishi juu, hapo ndipo kabureta iguswe. Jeti kubwa ishushwe nambari moja au mbili. Kama sindano ina mikato kadhaa, kile kishikio kipandishwe mkato mmoja ili sindano ishuke. Nyingine zina mkato mmoja tu, hizo ziacheni. Isome plagi tena. Ikianza kuwa nyeupe, rudisha. Na mkiuza pikipiki hiyo kwa mtu wa pwani, mpeni na jeti yake ya zamani.

7. Mwisho ni sproketi. Hii ndiyo njia ya halali ya kupanda mlima. Kama ya mbele ina meno 14, weka ya 13. Nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka karibu asilimia 8, na mwendo unapungua karibu asilimia 7. Hutafika mjini haraka kama zamani, lakini utapanda na gunia la viazi bila injini kulia. Na mkiamua kurudi, mnarudisha ile ya zamani kwa kazi ya saa moja.

MASWALI

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana: "Mjini wanauza CDI isiyo na kikomo. Hiyo je?"

Jibu: Kikomo kiliwekwa ili injini isizunguke mpaka ikajivunja. Nguvu ya kupanda mlima na gunia haiko kule juu kabisa kwenye kelele, iko katikati. Utalipa pesa kupata kitu ambacho hukihitaji. Na ukumbuke, kinachokusimamisha ni breki. Kabla hujaongeza mwendo, nionyeshe breki zako.

Swali la pili lilitoka kwa mzee mmoja: "Nimesikia kwamba dawa ya nondo ikitiwa katika tangi inaongeza nguvu."

Jibu: Mzee, wacha nguo zako zilindwe. Dawa hiyo inayeyuka katika petroli, kisha inaganda tena kama chumvi katika matundu madogo ya kabureta. Utasukuma pikipiki nyumbani.

Swali la tatu lilitoka kwa mama mweka hazina: "Na kijana akiifungua bila kutuambia, nani analipa?"

Jibu: Mama, hilo ndilo swali kubwa la leo. Andikeni kabla ya shida kutokea. Katika kitabu cha kikundi muwe na mambo manne. Moja, hakuna kukata wala kutoboa kitu chochote bila mkutano kukubali. Mbili, skrubu za kifuniko cha magneti, za kabureta na za boksi la ea klina zipakwe rangi kidogo, ili zikifunguliwa ijulikane. Tatu, kila mwisho wa wiki pikipiki iletwe, ea klina ifunguliwe mbele ya watu wawili, na lita na kilomita ziandikwe. Nne, anayevunja mapatano analipa spea, lakini anayeleta malalamiko yake mkutanoni asikilizwe siku hiyo hiyo. Msimfanye afiche. Kijana akiogopa kusema pikipiki ni nzito, ataenda kwa fundi usiku.

Vijana, na nyinyi nawaomba kitu kimoja. Kabla ya kudai ifunguliwe, leteni daftari lenye sekunde za mlima na lita za petroli. Mkija na hesabu, mimi mwenyewe nitasimama upande wenu. Wiki ijayo nitakuwa hapa na kipimo cha tapeti, jeti za namba mbalimbali na sproketi ya meno 13. Leteni pikipiki moja kwa kila kikundi, ikiwa imeoshwa. Tutaipandisha mlima ule wa kanisani kabla na baada, na kila mtu atajionea.